Sauti ya Mume wa Mwenzake

Neno la kwanza alilolitamka Fundi Bati baada ya kupigwa na kiharusi lilikuwa tusi.

Mtaalamu wa hospitali, mama mpole aliyekuwa akifundisha wagonjwa kusema upya, alikuwa amemwinulia picha ya kikombe kwa mara nyingine. "Hiki ni ki… ki…" Fundi Bati alikunja uso, shingo ikamvimba kama anainua gunia, na ghafla likamtoka, zima, halina hata herufi iliyopungua: "Mpumbavu!"

Halafu mtaalamu akaanza kucheka, wagonjwa wakacheka, na mke wa Fundi Bati, anayeitwa Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zake wawili mapacha, akapiga magoti pale pale sakafuni. "Amesema! Jamani, mume wangu amesema! Ee Mungu, tusi lake leo tamu kuliko asali!"

Mama Joho alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, mkono wa mumewe uko mapajani mwake. Alipiga makofi pamoja na wengine. Alisema, "Bwana asifiwe." Lakini kifuani alihisi kama mtu amemkamulia ndimu kwenye kidonda.

Jina la Mama Joho alilipata kwa kazi yake. Alikuwa fundi cherehani, na ingawa alishona kila kitu, kuanzia sare za shule hadi mapazia, watu walimjua kwa majoho ya kwaya. Mumewe ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya hiyo. Mwalimu alikuwa na sauti nene, ya taratibu, ambayo ikianza wimbo hata watoto waliokuwa wakilia mgongoni mwa mama zao walinyamaza. Mama Joho aliolewa na sauti kabla hajaolewa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwa akisema hivyo na kucheka. Asubuhi moja Mwalimu aliinama kuvaa viatu, akaanguka. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yote yalikuwa yamekwenda. Alielewa kila kitu. Alikujua, alikupenda, alikukasirikia. Lakini akifungua kinywa kilichotoka ni "to, to, to" tu.

Huko kwenye benchi la hospitali ndiko alikokutana na Mama Pacha, ambaye mumewe alikuwa fundi wa mabati na mabomba ya mvua. Mama Pacha alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeuza nguo za mitumba na kujua kumvunja mbavu hata mgonjwa wa mbavu. Kanisani hakuwa akienda. "Mimi na Mungu hatugombani," alisema, "ila hatutembeleani." Lakini siku alipomwona Mama Joho akifumba macho na kusogeza midomo, alimvuta gauni.

"Dada, samahani. Ukimaliza na wako, niombee na wangu."

"Kwa nini usiombe mwenyewe?"

"Naanzia wapi sasa? Atasema, huyu ni nani?"

Basi Mama Joho akamfundisha. Kila wakija kliniki walishikana mikono na kuomba, huyu akimwombea mume wa yule. Alimfundisha na wimbo mmoja mfupi wa watoto wa kanisani, ambao Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeutunga. Mama Pacha akawa anauimba nyumbani akifua, akipika, akimgeuza mumewe kitandani. Mama Joho alifunga. Aliomba akikanyaga cherehani, aliomba akipiga pasi. Aliomba kwa imani, na imani yake ilikuwa na sababu: Mwalimu alikuwa ametumia sauti yake kumtukuza Mungu tangu ujana. Fundi Bati je? Alitumia yake kutukana wateja wanaochelewa kulipa.

Na sasa huyu ndiye aliyesema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa aliyepona ni mgeni.

Juma lililofuata mtaalamu alimwita Mama Joho pembeni. "Kuna wagonjwa ambao maneno yao hurudi kwa njia ya wimbo. Mtu hawezi kusema 'maji', lakini ukimwimbia wimbo anaoujua, maneno yanatoka. Mumeo ni mtu wa kwaya. Tujaribu."

Mama Joho alitaka kucheka kwa furaha. Kumbe ndiyo maana! Kumbe Mungu alikuwa akimwandalia Mwalimu mlango wake mwenyewe. Alimsogezea kiti, akamfuta mdomo, akaanza kumwimbia ule wimbo wa watoto, polepole. Mwalimu akamtazama usoni. Mkono wake wa kushoto ukainuka na kuanza kupiga mapigo hewani, sawasawa kabisa, bila kukosea. Akafungua kinywa.

"To," alisema. "To, to. To."

Waliurudia. Wakaurudia tena. Jasho lilimtoka Mwalimu, na mapigo ya mkono yakaendelea kuwa sahihi huku kinywa kikiendelea kumsaliti. Ndipo kutoka kwenye kona ikasikika sauti kama bati linaloburutwa kwenye changarawe. Fundi Bati, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuimba hata wimbo wa shule, alikuwa amedaka ubeti wa pili. Alikuwa nje ya ufunguo, hana pumzi, lakini maneno yalikuwa mazima, neno kwa neno, kama mkewe alivyokuwa akiyaimba juu ya beseni la kufulia.

Mwalimu alishusha mkono. Hakulia. Alimgeukia Fundi Bati na kuitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akimfanyia mwimbaji mpya anayejitahidi.

Mama Joho alitoka nje kwenda kunawa uso. Maji yalipokuwa yakitiririka bombani alijikuta anawaza wazo ambalo lilimtisha: laiti yule angeanguka tena. Alilifukuza, likarudi. Alifunga bomba akarudi chumbani akitabasamu, maana uso umeumbwa na haya.

Kutoka hapo wivu ukahamia kwake kama mpangaji asiyetaka kuondoka. Alihesabu mafanikio ya Fundi Bati kama adui anavyohesabu mali za adui. Ameweza kuagiza chai mwenyewe. Ameweza kuwaita binti zake kwa majina. Amerudi kwenye karakana yake, iko mtaa wa pili tu, na upepo ukivuma upande huu Mama Joho alimsikia akigombana na mteja kuhusu urefu wa bomba. Alifunga dirisha. Nyumbani kwake, Mwalimu alikaa karibu na cherehani akikunja vitambaa kwa mkono mmoja, na ukimya wao ulikuwa mzito kiasi kwamba sindano ikianguka ilisikika.

Mama Pacha, kwa upande wake, alianza kuja kanisani. Alikaa kiti cha mbele na mumewe na mabinti zake. Siku ya ushuhuda alisimama, machozi na kicheko vimechanganyika.

"Mimi nilikuwa sijui kuomba," alisema. "Aliyenishika mkono yuko pale. Mama Joho, simama wakuone. Kwa maombi ya huyu dada, mume wangu anasema!"

Kanisa likashangilia. Mama Joho akasimama, akapunga mkono, akakaa. Nyuma yake mzee mmoja wa kike alimnong'oneza mwenzake, tena si kwa chini sana: "Mganga hajigangi." Na baada ya ibada dada mmoja wa kikundi cha maombi alimshika bega. "Mpendwa, chunguza nyumba yako. Labda kuna jambo la siri linazuia. Mungu hanyimi bure."

Mama Joho alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji, kijana mwenye moyo mwema, alimwambia kwamba Mungu hujibu kwa njia tatu: ndiyo, hapana, na subiri.

"Baba, mimi sijapewa hata hapana," Mama Joho alijibu. "Hapana ningeisikia. Hapana ni neno. Nyumbani kwangu hakuna neno, si la mume wala la Mungu."

Mchungaji aliinamisha kichwa, wakaagana.

Kilichofanya maji yazidi unga ni joho. Mama Pacha alikuja siku moja na mumewe kwenye duka la Mama Joho, chumba cha mbele cha nyumba yake, wamebeba kitambaa cha buluu. Fundi Bati alikuwa amejiunga na kwaya, upande wa besi, kule kule alikokuwa akisimama Mwalimu. Jumapili ya shukrani ilikuwa inakaribia.

"Shemeji," Fundi Bati alimsalimia Mwalimu kwa sauti ya juu, maneno yakimtoka kwa kukwama kidogo, "na-nakuja kukalia kiti chako, lakini si-sikijazi. Nakitunza tu."

Mwalimu alitabasamu na kumpa mkono wa kushoto. Mama Joho alichukua futi akampima: kifua, bega, urefu, mkono. Alikuwa mtu mpana, mabega ya kugonga nyundo. Mama Joho aliandika vipimo, na aliandika sawa. Kosa halikuwa kwenye kuandika.

Alipofika kwenye kukata, duka lilikuwa kimya na mtaani kulikuwa na jua. Alitandaza kitambaa, akachora kwa chaki tundu la kwapa. Halafu akasimama. Akafuta ule mstari kwa kidole, akachora mwingine kwa ndani zaidi, ili nguo ibane kwapani. Mgongo nao akaupunguza. Mtu angelivaa joho lile na kusimama ameshusha mikono angependeza kama bwana harusi. Akiinua mikono kumsifu Mungu, hapo ndipo angejua. Mkasi ulipopita kwenye kitambaa, Mama Joho alisikia utamu ambao hakuwa ameusikia kwa muda mrefu. Mwalimu alikuwa amesinzia kitini.

Jumapili ya shukrani kanisa lilijaa. Kwaya iliingia, na Fundi Bati katikati yao akimeta kwa buluu. Walifika kwenye kiitikio cha wimbo wa pili, pale ambapo waimbaji wote huinua mikono. Fundi Bati aliinua yake kwa nguvu zake zote za karakana.

Joho lilipasuka kuanzia kwapa hadi katikati ya mgongo, na sauti ya kupasuka ikasikika mpaka kwenye viti vya nyuma. Watoto walicheka kwanza, kisha watu wazima. Fundi Bati aligeuka kutazama mgongo wake, akaonyesha shati lake la zamani, akacheka kuliko wote. "Mu-Mungu amenipasua!" alisema kwa sauti, na kanisa likaangua kicheko kingine, cha upendo, na watu wakampigia makofi wakiwa wamesimama.

Kwa hiyo hata hilo likawa baraka kwake. Mama Joho alibaki ameketi. Halafu akahisi anatazamwa. Mwalimu, pembeni yake, hakuwa akimtazama Fundi Bati. Alikuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameishi miaka yake yote ya ndoa pembeni ya cherehani ile. Alijua kwamba mkewe angeweza kuchoka, angeweza kuumwa, angeweza kufiwa, lakini hakosei kukata mkono wa nguo. Alimtazama kwa muda mrefu, na Mama Joho akatamani angekuwa na sauti amgombeze, kuliko yale macho.

Nyumbani Mwalimu hakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu cha vipande, akachakura kwa mkono wa kushoto mpaka akavipata vile vya buluu, vipande vilivyokatwa kwapani, vipana mno. Akaviweka mezani mbele ya mkewe.

"Ndiyo," alisema Mama Joho. "Nimefanya makusudi."

Mwalimu akafungua kiganja cha kushoto: kwa nini?

"Kwa nini? Wewe unaniuliza kwa nini?" Na hapo bwawa likabomoka. "Kwa sababu yeye anasema na wewe husemi! Kwa sababu nilimwombea nikapewa, nikakuombea wewe nikanyimwa! Kwa sababu anaimba wimbo wako kwa sauti ya punda na Mungu anausikiliza! Kwa sababu mkewe anatukanwa asubuhi na mimi natamani, Mwalimu, natamani hata tusi! Nitukane! Nitukane nami nipige magoti!"

"To," alisema Mwalimu. Akatikisa kichwa, akajaribu tena. "To, to."

Alijivuta akakaa karibu naye. Mama Joho alilia mpaka kilio kikaisha, kisha, akiwa amechoka, akamwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza tangu augue. Alikuwa amemwombea kila siku, lakini hakuwahi kumwuliza.

"Na wewe unaomba?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Unaomba upone?"

Mkono wa kushoto ukapepesuka hewani: mara nyingine ndiyo, mara nyingine hapana.

"Umemkasirikia Mungu?"

Mwalimu akafikiri. Akaonyesha nafasi ndogo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kidogo. Kisha akaiongeza ile nafasi. Mama Joho akacheka kwenye machozi.

"Sasa unaombea nini?"

Mwalimu akanyoosha kidole. Kilielekea kwake, au kwenye cherehani iliyokuwa nyuma yake, au kwenye dirisha. Halafu akakizungusha chumba chote, akakata tamaa, akakishusha. Yalikuwa mengi mno kwa kidole kimoja.

Kesho yake Mama Joho alikwenda kwa Mama Pacha, mtaa wa pili, akiwa na kipande kipya cha buluu cha kuongezea. Alimkuta amekaa uani anapanga nguo za mitumba kwa ukubwa, joho lililopasuka liko kwenye kamba.

"Nimekuja kulichukua nilitengeneze," alisema Mama Joho. "Na nimekuja kukuambia jambo."

"Kaa kwanza. Jambo lenyewe nalijua."

"Hulijui."

"Dada yangu, mimi nashika nguo za watu tangu alfajiri hadi jioni. Mshono uliopasuka kwa bahati mbaya naujua, na uliopangwa kupasuka naujua." Alikunja suruali, akaiweka. "Nilikasirika, sikufichi. Nililiona jana lile tundu la kwapa nikasema, huyu mwanamke ningemtia kwenye beseni nikamfua. Halafu nikajiuliza: na kama wako ndiye angesema, wangu akabaki bubu? Mimi nisingekata joho. Mimi ningekutilia upupu."

Mama Joho alikaa, kile kipande cha buluu mapajani. "Niambie basi. Wewe umepewa. Niambie kwa nini wewe na si mimi."

"Sijui."

"Lazima kuna sababu."

"Sijui, na ndiyo maana nilikuwa nakukwepa. Unadhani ni rahisi? Kila mume wangu akifungua mdomo namkumbuka wako. Kama majibu ya maombi yangekuwa ujira wa kazi, Mwalimu angelipwa kwanza na huyu wangu angekaa foleni mpaka leo. Hakustahili kupewa. Na wako hakukosa lolote. Wanaosema nyumba yako ina siri waje kwangu niwafunge midomo kwa bati." Akakunja nguo nyingine. "Hivi, dada. Kuna kitu nimekisoma juzi kikanishtua. Ulijua kwamba Yesu mwenyewe aliomba kitu akanyimwa?"

"Bustanini?"

"Eh! Kumbe unajua! Mbona hukuniambia? Mimi nilikuwa nasoma nikidhani ataondolewa tu kile kikombe, ni mwana wa nyumba yule. Anaomba mara ya kwanza, anaomba ya pili, anatoka jasho, rafiki zake wamelala fofofo. Kimya. Nikafunga kitabu nikasema, hee! Hata yeye?"

Mama Joho alikuwa ameisikia habari hiyo kila Pasaka tangu utotoni. Alikuwa ameishonea majoho. Lakini daima aliisikia kama habari ya utii, na kwa kuwa aliujua mwisho wake, aliipita haraka kuelekea asubuhi ya ufufuo. Hakuwahi kukaa pale kwenye nyasi, karibu na mtu anayeomba na hajibiwi. Alikuwa akidhani ukimya ni ushahidi kwamba amesukumwa nje ya mlango. Haikumjia kamwe kwamba ndani ya nyumba yenyewe, mwana mpendwa aliusikia ukimya ule ule.

"Habari ile haikuniambia kwa nini," Mama Pacha aliendelea. "Ilinionyesha tu kwamba kunyimwa si kuchukiwa. Basi. Zaidi ya hapo muulize mchungaji."

"Nilishamwuliza."

"Akasemaje?"

"Njia tatu."

Mama Pacha akaguna. "Mwache, ni kijana."

Ndani ya nyumba Fundi Bati alikuwa akimfokea mtu kwenye simu, na Mama Joho alisikia ule mwiba ukimchoma palepale, kama kawaida. Safari hii hakuuficha.

"Bado nina wivu," alisema. "Hata sasa hivi. Nikimsikia naungua."

"Najua."

"Utanivumilia?"

"Nisipokuvumilia nani atashona hili joho?"

Alilitengeneza. Aliongeza kitambaa kwapani na mgongoni, akalipiga pasi, na Fundi Bati akaliinulia mikono bila shida. Lakini Mwalimu hakusema. Miezi ilipita, mtaalamu wa hospitali akawaambia kwa upole kwamba hakuna tena mazoezi ya kumwongezea, na hakuwahi kusema. Kwaya ilipata mwalimu mwingine, msichana mwenye masikio makali. Walimwalika Mwalimu aje kukaa nao kwenye mazoezi. Alikwenda mara moja, akarudi amesawijika, na hakwenda tena. Mama Joho hakumlazimisha.

Hakuacha kuomba. Ila maombi yake yalibadilika, na kama ungemsikia pengine ungeshtuka. Hakumpamba Mungu tena kwa maneno. Alikanyaga cherehani na kumwambia alivyo: leo nimechukia, leo nimechoka, leo nimemsikia yule akiimba nikatamani apaliwe, nisamehe, na bado naitaka sauti ya mume wangu. Baadhi ya siku alihisi yupo mtu anayesikiliza. Siku nyingine alihisi anazungumza na ukuta, na siku hizo alimaliza pindo na kusema amina vilevile.

Kuhusu wivu, haukufa. Ulikuja na kwenda kama homa. Lakini sasa ulikuwa na pa kwenda. Ulipompanda, Mama Joho alimpigia simu Mama Pacha.

"Leo usije na mumeo," alisema mchana mmoja. "Leo siwezi kumsikia."

"Haya."

Baada ya kitambo kidogo Mama Pacha akaingia peke yake, anahema kwa jua, amebeba mkate chini ya kwapa. Alimsalimia Mwalimu, akavuta kiti, akachukua upande wa pili wa shuka aliyokuwa akiikunja, na wale wawili wakaanza kuikunja pamoja huku Mama Joho akiinuka kwenda kuchemsha chai.